Chungu cha Mkono wa Kushoto

Juzi, hapa nyumbani Ipagala, mwanangu aliniletea kazi ya shule: aeleze maana ya spairo na ataje matumizi yake. Alikuwa ameshaandika daftari la waya, dawa ya mbu ya kuchoma na ngazi za kuzunguka, lakini maana yenyewe ikamshinda. Nikamwambia ni mstari unaozunguka bila kurudi ulipoanzia, na kwangu mimi matumizi yake ya kwanza ni chungu. Akanitazama akidhani natania, akaandika, akakimbilia katuni zake. Basi ngoja nikusimulie wewe, rafiki yangu, na uvumilie, maana napenda kujisifu.

Kijijini kwetu, upande wa Kongwa, mtama ukishavunwa bibi yangu alianza kufinyanga. Sisi wajukuu tulichimba udongo bondeni, tukautwanga, tukaupepeta, na harufu yake ilitufuata mpaka kwenye ugali na mlenda wa mchana. Bibi aliuviringisha ukawa mrefu kama mkia wa ng'ombe, akaulaza kwenye kitako cha chungu na kuzunguka nao, akipanda, mzunguko juu ya mzunguko. Ukifunga kila duara peke yake, alituambia, chungu kitaachana kama vikuku. Nilimwamini kwa sababu nilishajaribu, na kiliachana kweli.

Wafinyanzi wote kijijini walizungusha udongo kwenda kulia. Mimi ni mtu wa shoto. Kwa mkono wa kulia udongo ulinikatikia kila mara, na bibi alikuwa akitafuta mjukuu mmoja tu wa kumwachia kazi yake. Nilitaka niwe mimi. Viatu sikuwa navyo, na hata hivyo nilikitaka kigoda cha bibi cha kufinyangia kuliko viatu.

Siku moja bibi akachoka kuniona nikihangaika. "Mke mwenzangu, tumia huo mkono wako." Nikabadilisha, udongo ukapanda kwenda kushoto, ukatulia kabisa.

Ndipo akapita jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo mrefu. "Mbukwenyi," akatusalimu, kisha akashika kiuno. "Maji hayakai kwenye chungu cha shoto. Huyu mtoto mnamharibu." Binamu yangu, aliyekuwa akikitaka kigoda hicho hicho, akachekea kwenye khanga. Bibi hakubishana. Alisema tutakichoma pamoja na vya kwake, tutakijaza maji mpaka shingoni, na kikivuja kazi inakwenda kwa binamu.

Tulichoma kwa mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mtama. Katikati ya moto nikasikia kitu kimelia pa. Moto ulipopoa tukafukua majivu, tukakuta kilichopasuka ni chungu cha bibi. Changu kilitoka chekundu, kizima, na doa jeusi ubavuni.

Tukakijaza, tukakiacha juu ya majivu makavu. Asubuhi jirani alikuja mwenyewe bila kuitwa, akakisogeza, akayapapasa majivu yote. Hayakuwa na unyevu hata kidogo. Akachota maji kwa kata, akanywa, akachota tena, akaenda zake. Siku ile nilizunguka kijiji kizima kifua mbele, na mpaka leo sioni aibu.

Bonde lile sasa limejaa nyumba, maji yanakaa kwenye ndoo za plastiki, na bibi hayupo. Namlilia bado, nisikudanganye. Lakini nikimkumbuka, namkumbuka mwaka ule kiharusi kilipomchukua mkono wa kulia. Kila mtu alimwambia apumzike, umri umeenda. Alikaa siku kadhaa akiutazama udongo tu, kisha akaniita, mimi nikiwa msichana mkubwa, akaninyooshea mkono wa kushoto. "Haya, mwalimu. Nifundishe na mimi."

Nikakaa nyuma yake, nikaushika mkono ule, tukazungusha pamoja. Mzunguko wa kwanza ulikatika, wa pili ukapinda. Wa tatu alinisukuma kwa bega. "Niache sasa, nimeshajua." Kazi yangu ikabaki kushikilia chungu kisiyumbe, na bibi akakipandisha mwenyewe, kwenda kushoto, mpaka mdomoni.