Hukumu za Ijumaa

Hapa Muhuru Bay ukiulizia Marion Adhiambo, watoto watakutazama kama umepotea njia. Ulizia Profesa. Watakuonyesha mwanamke mrefu anayeanika omena, dagaa wa ziwani, karibu na ufuo, leso kiunoni, mdomo haukosi neno. Shule aliacha darasa la saba. Jina hilo alipewa ndani ya hoteli yangu, na tulimpa kwa kumcheka, kwa hiyo wacha niseme mimi jinsi lilivyoacha kuchekesha.

Mimi ni Nyamusi, mama yake Gichana, mtu wa Kisii niliyeletwa huku na biashara. Nauza chai, mandazi na ugali kwa samaki, na ukutani nina runinga. Jioni, wanawake wa omena wakishakusanya samaki wao, walikuwa wanakuja kwangu kutazama tamthilia moja ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilimhusu mama mmoja profesa wa sheria, anayefundisha chuoni na kutetea watu kortini, na wanafunzi wake wakimfuata huku na huku kama vifaranga. Kila wiki ilikuwa kesi mpya. Jumatatu mtu anashtakiwa. Jumanne wanafunzi wanatumwa kupekua. Jumatano mambo yanaharibika. Alhamisi profesa anawaita ofisini, anafunga mlango, na anawatolea shahidi aliyemficha tangu mwanzo, mtu ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo. "Silaha ya mwisho haionyeshwi mchana," alikuwa akiwaambia. Tulipiga makofi hadi vikombe vikatikisika mezani.

Ijumaa hatukutazama. Mimi ni Msabato, na wengi wa wanawake wale ni Wasabato, na Ijumaa jua likizama Sabato imeingia. Runinga yangu huzimwa na kufunikwa kitambaa, na sioni haya kusema hivyo hata mbele ya wateja wanaonung'unika. Kwa hiyo hukumu yenyewe hatukuiona hata mara moja. Wala haikutusumbua. Jumatatu profesa alikuwa anarudi na kesi mpya na viatu vipya, nasi tukajua ameshinda. Mtu aliyeshindwa hanunui viatu.

Marion ndiye aliyemshika kabisa yule mama. Alijua anavyotembea mbele ya hakimu, anavyoinua kidole, anavyonyamaza kidogo kabla ya swali. Mtu akimdanganya bei ya ndoo ya omena, aliinua kidole hicho na kusema, "Nina swali moja tu kwako." Mnunuzi alicheka, na akicheka alikuwa ameshashindwa. Tukaanza kumwita Profesa, naye akaitika kama aliyezaliwa nalo.

Mumewe Jared alikuwa fundi wa maboti. Figo zilimuua, polepole, na akazikwa kando ya nyumba yake, juu kidogo ya ziwa. Matanga yalipokwisha, kaka yake Chrispine akaja kutoka Homa Bay, anakouza mabati na simiti. Alikaa, akanywa uji, kisha akamwambia Marion kwamba ardhi ile ni yake yeye Chrispine, baba alimruhusu tu Jared akae kwa muda. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao. Marion alidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Lakini Chrispine alikwenda kortini Migori kutaka aondolewe, na karatasi za korti zikamfikia mjane huyu mikononi huku zikinuka samaki kwa sababu aliyezileta alizipitisha kwanza sokoni.

Sasa, mtu wa hapa hahitaji hati kujua ardhi ile ni ya nani. Mwana wa Mjaluo akikomaa, hutoka kwa baba yake akaanzisha dala lake, yaani boma lake mwenyewe, na hatoki hivihivi. Alfajiri baba yake humtangulia na jogoo hadi mahali pale, mwana akifuata na shoka, mkewe akibeba moto, na mtoto wao wa kiume wa kwanza akiwa nao. Baba hampeleki mwanawe kwa jogoo na moto mahali pa kuazima. Marion aliubeba moto huo mwenyewe. Bonface, mwanawe wa kwanza, alikuwa mgongoni, na mkono wake mdogo uliwekwa juu ya mpini wa shoka. Hakumbuki chochote. Jared na baba yake wamekufa. Chrispine siku hiyo alikuwa mbali, kwa hiyo aliweza kuapa kwamba hakuna kitu cha namna hiyo kilichotokea.

Alibaki mtu mmoja aliyeona. Dani Trufena, mama yao wote wawili. Dani kwa Dholuo ni nyanya, yaani bibi, na sote tulimwita hivyo. Makaa ya moto ule yalitoka jikoni kwake. Aliyachota mwenyewe akayatia katika chungu kilichovunjika, akasimama langoni akiwatazama hadi wakapotelea kwenye umande.

"Nitasema," alimwambia Marion, na nilikuwepo. "Chrispine nimemzaa mimi. Jared pia nimemzaa mimi. Aliyekufa hawezi kujisemea."

Hebu fikiria mzigo huo, mama kwenda kusimama mbele ya hakimu kinyume cha mwanawe aliye hai. Nilimwogopea, na pia nilimpenda sana siku ile.

Marion alikwenda Migori kuandikisha majibu yake. Karani wa korti alimwambia aandike kila shahidi anayemtegemea, na maelezo ya kila mmoja. Aliandika jina lake na la jirani mmoja aliyehamia boma likiwa limeshasimama.

"Ni hawa tu, mama?" karani akauliza.

"Ni hao tu," Marion akasema.

Aliponisimulia, nilimuuliza, "Na Dani?"

Akatabasamu, akainua kile kidole. "Mama Gichana, kwani huwa unaona nini kwa TV? Nikimwandika leo, kesho Chrispine anajua. Keshokutwa ako pale kwa mama yake na sukari na machozi. Dani ni wa mwisho. Nimemweka."

Ilikuwa sababu nzuri. Chrispine kweli angekwenda na sukari. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyemkataza, na hoteli nzima ilikuwa na wanawake wazima wenye akili zao.

Tukaanza mazoezi. Alasiri wateja wakipungua, tulimkalisha Dani kwenye kiti cha plastiki, mimi nikawa hakimu na mwiko mkononi, Marion akatembea mbele yake kama yule mama wa runinga. "Shahidi, moto huo ulitoka wapi?" Dani alijibu kwa Dholuo, taratibu, bila kuongeza chumvi. Alisema jogoo alikuwa mwekundu na mguu mmoja ulikuwa na kilema. Alisema mzee wake alikohoa njia nzima. Akifika mahali pa kumtaja Jared alilitaja jina lake mara mbili, kisha akaendelea. Hapo mimi hakimu niliuweka mwiko chini. Alikuwa amejishonea gauni jeupe la kitambaa kizito, la kwendea kortini, na kila Marion aliposafiri kwenda Migori, Dani alikuwa amekwishalivaa tangu asubuhi, ameketi kizingitini.

"Ni leo?" aliuliza.

"Bado, mama. Leo ni zamu yao."

Naye alikwenda ndani akalivua, akalikunja.

Kesi iliahirishwa, ikasikizwa kidogo, ikaahirishwa tena. Siku Marion alipopewa nafasi ya kumuuliza Chrispine maswali, alianza kutembea huku na huku mbele ya hakimu, kidole juu. Hakimu, mama mpole mwenye miwani, alimwambia, "Mama, simama tu hapo, nakusikia." Watu wakacheka. Marion mwenyewe alitusimulia huku akicheka, akasema wacha wacheke, siku ya Dani watafunga midomo. Siku ya Dani ilikuwa imekaribia. Kilibaki kikao kimoja.

Dani Trufena alifariki katikati ya wiki. Alipata kifua, tukadhani ni cha baridi za mvua, na asubuhi Marion alipompelekea chai hakuitika. Nilimkuta Marion ameketi chini kando ya kitanda, kikombe bado kiko mkononi, na lile gauni jeupe limekunjwa juu ya kiti. Hakuwa analia. Aliniangalia akasema, "Alikuwa ananiuliza kila siku." Nilikitoa kikombe mkononi mwake, nikaketi naye chini.

Tulimzika na gauni lile. Chrispine alinunua jeneza zuri, na alipofika mbele ya mama yake alilia hadi akashikwa. Alilia kweli, sitamnyang'anya hilo. Lakini alipopewa nafasi ya kusema, alishukuru wachungaji na waliotoka Homa Bay, akaketi. Marion alikuwa na nafasi yake pia, kama mke wa mwana. Tuliomfahamu tulidhani atautaja moto ule. Alisimama, akasema Dani alimpenda na kumfundisha kuanika omena bila mchanga, akaketi. Baadaye alinieleza kwamba mbele ya maiti asingeweza kumfanya mama wa watu kuwa shahidi, ilhali alipokuwa hai hakumpa nafasi hiyo.

Kwenye kikao cha mwisho nilifuatana naye hadi Migori. Hakimu aliuliza kama ana shahidi mwingine.

"Nilikuwa na mmoja," Marion akasema. Sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya sokoni.

"Yuko wapi?"

"Tumemzika."

Hakimu alivua miwani. Akauliza kama marehemu aliandikisha maelezo yake mahali popote, kwa chifu, kwa wakili, hata kwa karatasi ya shule. Nilimwona anatafuta kwa kweli, kama mtu anayepapasa gizani kukutafutia kitu chako. Marion akasema hapana.

"Kwa nini, mama? Ulimjua tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nimemweka," Marion akasema. Hakimu alivaa miwani tena, akaandika.

Hukumu ilisema ushahidi wa Jared kupewa ardhi ile haukutosha. Marion alipewa muda wa kuhama. Sasa amepanga chumba cha mabati nyuma ya soko, na kaburi la mumewe liko ndani ya ua wa mtu mwingine. Akitaka kulipalilia, hupiga hodi kwanza.

Jumatatu moja baada ya hapo tulikuwa tumekaa kwangu, runinga imewashwa kwa mazoea tu. Priscah alikuwepo, mchuuzi wa samaki wabichi, Mkatoliki, ambaye kwao hutazama siku zote. Profesa alipotokea na viatu vyake, Priscah akafyonza.

"Huyu naye hasikii. Ijumaa hakimu amemkatalia tena shahidi wake. Mtu wake amefungwa."

Tukageuka sote.

"Amemkatalia nani?" nikauliza.

"Huyu profesa. Si kila mara anaficha mashahidi? Korti inamwambia ungeleta mapema. Karibu kila Ijumaa anashindwa, ndio maana wale wanafunzi wanamtoroka mmoja mmoja. Kwani nyinyi mmekuwa mkiona nini?"

Marion aliweka kikombe mezani, akafuta mahali chai ilipomwagika kwa ncha ya leso yake, akatoka kwenda chumbani kwake. Nilizima runinga. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia siku ya hukumu, kwa maana siku ya hukumu nilikuwa na Chrispine wa kumchukia. Sabato yangu naishika mpaka leo na sitaiacha. Lakini tamthilia ile haijawashwa tena kwangu.

Nilidhani jina la Profesa litakufa. Halikufa. Wajane walianza kuja kwake, mmoja mmoja, wakijua ameshindwa, na nadhani ndiyo sababu walimwamini. Huwasindikiza Migori, huwaonyesha mlango wa kuingilia na karani wa kumuuliza. Hajifanyi wakili. Ana swali moja tu, na kidole hakiinui tena.

Mwezi uliopita alikuja msichana mmoja mjane anayeitwa Boke, kutoka Kegonga, mbali huko kwa Wakuria. Alimkuta Profesa ufuoni, mbele ya hoteli yangu, omena imetandazwa juu ya nyavu, shehena ya wiki nzima, na upande wa ziwa wingu jeusi linapanda. Kila mwanamke alikuwa ameinama anakusanya. Boke akaeleza shida yake, nayo ilikuwa ile ile, shemeji na shamba.

"Nani aliona mume wako akipewa?" Marion akauliza huku akikusanya.

"Baba mdogo wake. Ni mzee sana."

"Ako wapi?"

"Nyumbani. Amelala, anaumwa kidogo. Nilisema akipata nguvu, wiki ijayo..."

Marion alisimama wima. Alikung'uta mikono, akafungua leso kiunoni akaifunga upya, akamwita kijana wa bodaboda.

"Twende," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Profesa, omena yako!" nikamwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Alipanda nyuma ya Boke na pikipiki ikaondoka.

Tulikusanya tulichoweza, mimi na Priscah na wengine, lakini kila mtu alikuwa na yake. Mvua ilishuka ikaipiga iliyobaki, ikageuka uji kwenye nyavu. Usiku simu yangu ikalia. Alikuwa Kegonga, nilisikia watu nyuma yake na mzee akikohoa. Nikaanza kumweleza habari ya omena, jinsi tulivyojaribu. Alinikatiza.

"Ameshasema, Mama Gichana," akaniambia. "Mwalimu wa hapa ameandika, na mzee ametia alama ya kidole. Ameshasema yote."