Siku Niliyouziba Mlango wa Zahanati

Jamani, hili sijawahi kulisimulia bila kuinamisha uso, na mkitaka kucheka chekeni, ila mjue mwenzenu bado linaniuma.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki, sabuni kwa foleni, saruji kwa kibali, na kijijini kwetu, njia ya Tongoni, tulikuwa tunajenga zahanati. Mimi ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ufundi na rula yangu (kiherehere kimenijaa mpaka masikioni), nikaiambia kamati kwamba kabla kuta hazijaisha tuijaribu ramani: tuweke vyumba vya uongo uwanjani, watu wapite kama wagonjwa, nami nichore kila mmoja kapita wapi. Fundi Kombo, mzee aliyekuwa akijenga, akakubali, akaniambia tu, "Vyumba vichore chini kwa chokaa, baba." Mimi nikaona chokaa kazi, nikaazima majamvi ya madrasa, nikatandika: hili pa kuandikisha, lile kwa daktari, la mwisho pa dawa, na hapo hapo pa dawa mlango wa nyuma wa kutokea. Kisha nikapanda juu ya paa la stoo ya shule ili nione vizuri, na kweli niliona vizuri, niliona vichwa.

Basi wakapita, akina mama na wazee, mmoja mmoja, na kila aliyefika pa dawa aligeuka akarudi njia ile ile mpaka alikoingilia. Mlango wa nyuma hakuutumia hata mmoja! Nikachora mistari yangu kwa wino mwekundu, nikaamua kwamba watu wa kwetu wanapenda kutokea walikoingilia, nikamwambia Fundi Kombo auzibe ule mlango kwenye jengo lenyewe.

"Umewauliza wenyewe?"

Nikamjibu (Mungu anisamehe, mtu wa umri wa baba yangu), "Mzee, michoro haidanganyi." Akauziba, kwa saruji iliyokuwa ya sakafu ya chumba cha wazazi.

Siku ya mkutano wa kijiji nikabandika karatasi yangu ukutani, naeleza kwa Kiswahili cha kisomi, mara jirani yetu Bi Mwanaidi akanyanyuka.

"Mwanangu, mstari huu ndo mie?"

"Ndiyo, Bi."

"Ebo! Mie nilikuwa nafuata kandambili zangu. Jamvi wanalosomea watoto Kurani nilikanyage na viatu? Nilizivua pale mwanzo. Na kandambili zenyewe siku hizi utazipata wapi, hata niziache uwanjani?"

"Hata mie!" akadakia mwingine, na mwingine, watu wakaangua kicheko, nami nimesimama na rula mkononi natamani ardhi inimeze.

Fundi Kombo peke yake hakucheka. Asubuhi yake nikamkuta anabomoa yale matofali taratibu, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, wala hakunisema, na hilo ndilo lililonikata maini. Mlango ulifunguka, lakini saruji hairudi mfukoni, kibali kingine hakikutoka, na chumba cha wazazi kikaanza kazi na sakafu ya udongo. Dada yangu alijifungulia humo msimu wa masika. Nilipokwenda kumwona mpwa wangu, nikainama kizingitini nivue viatu.

"Ingia navyo, kaka," mkunga akaniambia. "Humu tope tupu."

Toka siku hiyo simchorei mtu njia yake kabla sijamuuliza alikuwa anafuata nini.