Banda la Muindi

Syokau hakuwa mtu wa kuamini vitu vya bure. Ukimpelekea sukari, aliionja kwanza kwa ncha ya ulimi, halafu akakutazama wewe. Kwa hivyo Januari ya mwaka wa tisini na tisa, mkwe wake Muindi alipotokea Kathiani na mkokoteni wa mbao na mabati, akasema amekuja kumjengea banda la kuku, Syokau hakushukuru. Aliingia jikoni, akafunga mlango, akaweka jicho kwenye ufa.

Msidhani alifunga mlango kwa kiburi. Muindi alikuwa mume wa binti yake, Nzilani, na kati ya mama na mkwe wake sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na mambo ya mwili au ya chumbani hayatajwi kabisa. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuicheka nthoni. Syokau hakucheka. Muindi naye, ingawa alikuwa fundi seremala wa kuheshimika huko mjini Matuu, alikuwa amelelewa vizuri. Akitaka kusema na mama mkwe alimwambia Wanza, jirani, huku amegeuza mgongo, na Wanza akasimama katikati akibeba maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

"Mwambie mama hili ni banda la misimu yote," Muindi alisema.

"Anasema ni la misimu yote," Wanza aliuambia mlango wa jikoni.

"Muulize ni nani alimwomba," mlango ukajibu.

Muindi akacheka kidogo, akachukua msumeno.

Sasa, lazima mjue kuku wale walikuwa nini kwa Syokau. Mvua ya El Nino ilikuwa imebeba kuku wake wote, ikamwachia mmoja tu, jike mwekundu aliyepanda juu ya paa la choo akakataa kushuka. Kutoka kwa huyo mmoja, pamoja na bidii ya jogoo wa Wanza, Syokau alikuwa amefufua kundi zima. Mume hakuwa naye tena, alikuwa amezikwa. Binti alikuwa ameolewa. Kilichobaki cha kuitwa changu ni kuku hao. Ungemwambia achague kati yao na ng'ombe, angekuuliza kama huyo ng'ombe anataga.

Basi alikaa pale ufani akilichunguza lile banda likiinuka, na kila kilichoongezwa kilimwongezea shaka. Muindi alilisimamisha juu ya miguu mirefu, maji ya masika yapite chini, na kila mguu akauweka ndani ya kopo la oili chafu ili siafu wasipande. Juu alipiga mabati, na juu ya mabati akatandika nyasi, kuku wasiive wakiwa hai kwenye jua la Februari. Upande mmoja ulikuwa wavu mtupu, na magunia ya kukunja wakati wa joto na kuteremsha wakati wa baridi. Lakini upande wa kusini, unakotoka upepo wa Julai na ukungu wake, alikandika ukuta wa udongo mpaka juu, bila hata tundu. Januari hiyo! Jua linapasua mawe, na mtu anajenga ukuta wa baridi!

"Huyu ana lake," Syokau alijisemea. "Haki ya Mungu, huyu ana lake."

Pembeni kabisa Muindi akatengeneza chumba kidogo chenye mlango wake, kimezibwa upepo pande zote, akakitandika nyasi laini.

"Na hicho ni cha nani?" mlango ukauliza.

"Mwambie mama ni cha kuku anayeatamia," Muindi alisema. "Anataka mahali pake. Pa kutulia, asisumbuliwe. Hasa... hasa ikifika mwezi wa saba." Sauti ikamkwama. Akakohoa, akaanza kutafuta chini msumari ambao alikuwa ameushika mkononi.

Wanza alipeleka maneno, ile sauti iliyokwama hakuipeleka. Lakini Syokau aliona yote. Ala! Mtu mzima anapoteza msumari ulio mkononi mwake! Hapo shaka ikawa yakini.

Siku hiyo yote alimnong'oneza Wanza hesabu yake. Banda lina miguu, na kitu chenye miguu si kinaondoka? Siku moja litapakiwa kwenye pikapu, kuku wakiwa ndani, waamkie sokoni Matuu. Halafu mbona Nzilani haonekani tangu Krismasi? Kila mara ni Muindi peke yake, kila mara ni wimbo uleule, "Yuko salama, anawasalimu." Pengine ameshafukuzwa. Pengine mbao hizi ni za kumziba mama mdomo. Na kwenda Matuu kujionea hakuweza, maana mama haingii kwa mkwe wake bila kuitwa.

"Ama pengine mkwe wako ni mtu mzuri tu," Wanza alisema.

"Wewe Wanza, wewe ndiyo maana uliuziwa redio isiyo na kitu ndani."

Muindi alipomaliza kazi na kurudi Matuu, Syokau aliwafunga kuku wake miguu, akawapeleka kwa Wanza, akawaficha chini ya ghala. Alimwacha yule mwekundu peke yake, ili banda lisionekane limesuswa.

"Lakini kwangu kunavuja," Wanza alilalamika.

"Heri walowe wakiwa wangu."

Angewarudisha mapema, lakini Muindi hakukoma kuja. Aprili alikuja kuona kama mvua inaingia. Mwisho wa Mei alikuja kuteremsha magunia. Kila akija aliingiza kichwa bandani, akakitoa polepole.

"Mwambie mama naona kuku mmoja tu."

"Wengine wametoka kutafuta chakula," mlango ukasema.

"Na hii mvua?"

Mlango ukakazwa komeo. Mkwe hambani mama mkwe wake kwa maswali, kwa hivyo Muindi akaenda zake. Syokau akafurahi. Si mnaona? Alikuja kuhesabu!

Juni ikaingia na ukungu wake. Yule mwekundu, bibi wa nyumba nzima, alilala nyuma ya ukuta wa udongo, katika kile chumba kidogo, akanenepa. Kule chini ya ghala, kwenye tope, wenzake walianza kukohoa. Macho yakavimba, pua zikatoka kamasi, wakawa wanakoroma mchana.

"Mama Nzilani, warudishe kwao," Wanza alimsihi.

"Akishapita tena. Najua atapita."

Wakafa mmoja mmoja, mpaka chini ya ghala kukabaki manyoya. Syokau alilia kwa hasira, na hasira yote akamwekea Muindi.

Julai, Muindi alikuja. Safari hii hakuwa na nyundo. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na hakusimama karibu na banda. Alisimama katikati ya uwanja, mgongo kwa mlango.

"Mwambie mama Nzilani amejifungua. Msichana. Wote ni wazima." Akafunga kifungo cha koti. "Mwambie mimba mbili zilitoka. Hii ya tatu daktari alisema alale tu, asisafiri. Nzilani mwenyewe aliogopa kuitaja kabla mtoto hajalia. Na mimi, Wanza, na hii nthoni, ningemwambiaje mama mambo kama hayo? Nikaona nijenge. Nikasema mama akiona chumba cha kuatamia, na ukuta wa mwezi wa saba, ataelewa mtoto anakuja, aweke kuku."

 Wanza alitazama ghala lake.

Lililobaki halikuhitaji kuelezwa. Kwetu mama hamwendei binti aliyejifungua mikono mitupu. Anaenda na kuku, na supu inapikwa siku baada ya siku mpaka mzazi apate nguvu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Syokau akatoka, akapita hadi bandani, akamtoa yule mwekundu kwenye chumba chake. Muindi akageuza uso upande wa ua, kama alivyolelewa.

"Muindi," Syokau alisema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Wengine walikufa. Niliwaficha, kwa sababu nilikuwa na hakika utawaiba."

Wanza akafungua mdomo aupeleke ujumbe, akaufunga.

 Muindi akavua koti, akalinyoosha nyuma yake bila kugeuka.

"Mwambie mama amfunike na hii. Huyo hajazoea baridi ya nje. Halafu twende, Nzilani anamuulizia tangu asubuhi."

Syokau akalipokea koti, akamviringisha kuku. Na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaingia mfukoni mwa koti kupapasa kama kuna kitu kimefichwa. Mfuko ulikuwa mtupu. Hapo ndipo Syokau alipolia, mbele ya mkwe wake, bila mlango.