Siku Bibi Alipozima Televisheni

Kila nipitapo penye miyaa iliyoloweshwa, nasinzia. Si uchovu. Ile harufu ya majani ya mkindu yaliyolala majini hunirudisha sebuleni kwa bibi yangu, huko mtaani Muyeye, saa za baada ya alasiri, pazia la kijani limeshushwa na chumba chote kimekuwa cha kijani, nami nimejilaza shavu juu ya saruji baridi. Wanawake wanasuka ukili wa kushonea mikeka. Televisheni inazungumza. Nami, niliyekuwa kibogoyo wa meno ya mbele, sijui tena ni sauti ipi inatoka ndani ya kioo na ipi inatoka kwa jirani.

Mchezo ulikuwa wa kasri la sultani wa zama za kale, umetoka ng'ambo ukatiwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa kikavu, na Bibi hakukisamehe. Mtumishi akiingia kwa sultani, Bibi alikuwa akinung'unika: watu wa kasri, na hata shikamoo hawana.

Humo kasrini mlikuwa na wanawake wawili. Nurhan alitaka kuketi barazani pamoja na mawaziri, aamue mambo ya nchi. Gulsen alitaka mume mpole, watoto, na bustani yenye kivuli. Basi sebule yetu ikagawanyika. Bibi alikuwa jemadari wa kambi ya Gulsen. Nurhan akifungua mdomo tu, Bibi alishasema: tamaa mbele, mauti nyuma. Wa upande wa pili alikuwa Mama Kadzo, jirani yetu Mgiriama aliyekuwa na shamba lake Magarini, na ambaye mjadala ukimpanda kichwani Kiswahili kilimkimbia akamalizia kwa Kigiriama. Yeye alijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyo Nurhan ameinama mpaka mgongo umemuuma, sasa mwacheni akichukue. Walibishana hivyo huku vidole haviachi kusuka, na ukili ukirefuka magotini mwao. Mimi nilikuwa wa Nurhan, kwa sababu ya mavazi yake.

Halati Zainabu, mdogo wake mama yangu na kitinda mimba wa Bibi, hakuwa na kambi. Alisuka, akatazama, akanyamaza.

Niwaambie kilichokuwako, maana wakati ule mimi sikukijua. Halati alikuwa ameposwa na mtu wa Mambrui mwenye duka la nguo, mpole, swala haimpiti, hana hata doa la kumsemea. Wakati huohuo, hoteli moja ya Kikambala ilikuwa imemkubalia aingie jikoni kwao kujifunza upishi, akae hukohuko. Halati alitaka siku moja awe mpishi mkuu, mwenye kuonja sufuria za wengine na kuzirudisha motoni. Alimwambia Bibi mara moja tu. Bibi akasema kupika atapika kwa mumewe, na hotelini kuna ulevi na wanaume wasiojulikana kwao. Maneno yakaishia hapo.

Kisha posa ikaletwa, naye akaulizwa. Na kwetu, mwali akiulizwa habari ya posa hasemi ndiyo. Huinamisha macho akanyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Halati aliinamisha macho. Watu wa Mambrui wakaambiwa waje Ijumaa wachukue jibu, na ule ukili uliokuwa ukisukwa sebuleni, wa zambarau na wa kijani, ulikuwa wa mkeka wa harusi yake.

Ijumaa ikiwa imekaribia, mchezo nao ukafika penyewe. Nurhan aliletewa posa ya waziri mzee. Mamake sultani akamuuliza. Nurhan akatazama chini, vito vikamtikisika masikioni, akawa kimya. Mamake sultani akatabasamu, akasema amenyamaza, basi ameridhika.

Bibi akashusha pumzi ya raha. Akasema hatimaye mtoto amepata akili.

"Hakuridhika," akasema Halati Zainabu.

Mikono yote ikasimama. Hatukuwa tumepata kumsikia akichangia.

"Wewe wayajuaje ya moyoni mwake?" akauliza Bibi, taratibu. "Si ameulizwa akanyamaza?"

"Ameulizwa, mama. Lakini ameulizwa na mtu ambaye hawezi kumwambia la."

Mama Kadzo aliyekuwa na neno kwa kila jambo akawa anatafuta ncha ya mwaa. Bibi alimtazama Halati, televisheni ikiendelea na tarumbeta zake. Kisha akainuka, akakizima kile kioo. Hakuna aliyepata kukizima mchezo ukiendelea. Nililia kwa kwikwi, nikidhani Nurhan atafia humo gizani kwa kosa la Halati, na Halati mwenyewe alikuwa akilia pia, nami nikaona ni vizuri, angalau na yeye amejuta.

Ijumaa wageni walikuja. Bibi aliwapa halua na kahawa, akawaambia kwa adabu zote kwamba mwanawe alikwisha jibu, ila mama mtu ndiye hakusikia vyema. Wakaelewa, wakaondoka bila kinyongo. Wiki haikupita Halati akaenda Kikambala. Kwa miaka nilishikilia kuwa alifukuzwa nyumbani kwa kuzungumza wakati wa mchezo, na nilikaa kimya kabisa mbele ya televisheni nisije nikafukuzwa mimi.

Leo Halati ni mpishi mkuu. Akija kwetu, bado anaonja sufuria za watu bila kuombwa.

Nilipofika umri wa kuposwa mimi, Bibi aliniita chumbani kwake, akanitaka niseme kwa mdomo, kwa sauti, nataka au sitaki. Nikamtania: tangu lini kambi ya Gulsen ikauliza maswali? Hakucheka. Alinieleza kwamba yeye alipoposwa alikuwa bado hajajua kujifunga leso vizuri. Alinyamaza kwa woga, wakasema ameridhika, wakapiga vigelegele. Babu alikuwa mtu mwema, alisema, na yeye alimtetea Gulsen siku zote kwa sababu alihitaji sana Gulsen awe na furaha.

Nikamuuliza yeye, siku ile, alitaka nini.

Akanipapasa mkono.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."