Krispi katika Kikapu cha Akamwani

Felicitas, mke wangu, tumemzika kwenye migomba, nyuma ya nyumba, hapa Buganguzi. Udongo bado mbichi. Wanaokuja kunipa pole wanamtaja kwa jina moja: yule mama wa krispi. Wengi wao hawakuwapo siku ile. Mimi nilikuwapo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Azimio la Arusha. Binti yetu wa kwanza, Immakulata, alitakiwa na kijana wa Kashozi, Datius. Baba yake Datius, mzee Mutembei, akatuma neno kwamba atakuja mwenyewe na mshenga. Tukasema karibuni.

Mwaka ule mvua ilikataa kuondoka. Toigo, mvua yetu ya masika, hukoma mwezi wa tano, halafu jua huja kukausha kahawa. Safari hii mwezi wa sita ukafika, inanyesha. Wa saba, inanyesha. Kahawa ikaota ukungu juu ya mikeka. Migomba ikalala chini. Wazee waliangalia juu.

Sasa kwetu mgeni hupewa kwanza akamwani. Ni kahawa iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani ya harufu, ikaanikwa. Mgeni huchukua punje, huiweka shavuni, huitafuna polepole. Hapo ndipo maneno huanza. Asipopewa, ana haki ya kusimama na kwenda zake. Na mgeni wa posa akienda zake, harudi.

Akamwani yetu ya mwaka uliopita iliozea chunguni kwa unyevu. Mpya haikukauka. Nikamwambia Felicitas akaombe kwa jirani.

"Jirani gani? Wote wameanika mvua," akasema. "Na huyo mwenye nayo, kesho atatangaza kwamba amemwoza Immakulata yeye."

Akapanda basi kwenda Bukoba kununua khanga ya binti, dukani kwa Umedbhai. Mke wa Umedbhai, Madhuben, alikuwa uani anakaanga viazi alivyovikata vyembamba kama jani. Krispi zake za chumvi tulizijua. Siku hiyo alikuwa ametia pilipili na ndimu, jambo jipya. Felicitas hakukataa kuonja kitu maisha yake yote. Hata sabuni mpya aliigusa kwa ulimi.

"Onja, mama Immakulata," Madhuben akamwambia. "Lakini usiniombe maji."

Felicitas akatafuna. Machozi yakamtoka, akacheka. "Hii inakaa kinywani?"

"Inakaa wapi? Watoto wangu wanamaliza kabla sijatia kwenye kopo!"

"Basi mimi nitilie kwenye kopo."

Alirudi amelowa chapachapa. Kopo la biskuti alilifunga ndani ya khanga mpya, likafika kavu. Nikafungua, nikatazama.

"Viazi? Utampa Mutembei kiazi?" Kwetu chakula ni ndizi. Kiazi ni cha mwaka wa shida.

"Na huu ni mwaka gani?" akanijibu.

Immakulata alikuwa jikoni anasugua chungu ambacho kilikwisha kutakata. Alimtaka Datius, hilo tulilijua. Felicitas akamnyang'anya kile chungu. "Mwanangu, kikapu nitabeba mimi. Wakikasirika, wamenikasirikia mimi."

Siku yenyewe ilinyesha tangu asubuhi. Krispi zikalainika humo humo koponi. Felicitas akazitandaza kwenye ungo karibu na meko mpaka zikalia tena zikivunjwa. Akazitia katika kikapu cha akamwani, kile chenye mfuniko alichosuka marehemu mama yangu.

Wageni wakamfunga mbuzi wao wa posa nje, wakaingia wanachuruzika maji. Mutembei alikuwa mtu mrefu, asiyecheka. Mshenga wake, Kaijage, alikuwa mdomo mtupu. Felicitas akapiga magoti, akafungua kikapu, akakisogeza mbele kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na kiza cha mvua. Mutembei akachukua moja bila kuitazama, akaiweka shavuni. Akasubiri.

Tukasubiri.

Nikaona jicho moja linatoa maji. Kisha la pili. Hakutema.

"Mawe," akasema taratibu, maana kwetu mama ni mawe na baba ni tata, "kahawa yenu ina hasira."

Kaijage yeye alikuwa ametupia kinywani kiganja kizima. Alikohoa hadi kofia ikaanguka. "Tata Mutembei, tumeuawa! Mbuzi wetu turudi naye!"

Hakuna aliyecheka. Felicitas alikuwa bado amepiga magoti.

"Akamwani yetu imeoza, Tata," akasema. "Hiki ni kiazi. Nimeona aibu mkae bila kitu kinywani. Nimewaletea nilichopata."

Mvua ikapiga bati. Chini ya pazia la chumbani niliona vidole vya miguu vya Immakulata, vimekunjwa.

"Ya kwangu pia imeoza," Mutembei akasema. "Njia nzima nilikuwa nawaza: hawa wakija kwangu, nitawapa nini?" Akanyoosha mkono, akachukua nyingine. "Kaijage, acha kufa. Sema kilichotuleta."

Ndoa ikafungwa.

Felicitas tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo. Kwenye kisomo cha watu wazima aliandika jina lake kabla yangu, akanishika mkono niandike langu. Duka la Umedbhai lilipofungwa nao wakahama, alikata viazi mwenyewe kwa kisu. Havikuwa vyembamba. Tulikula.

Sasa tuko mwezi wa saba, na jana ilinyesha. Immakulata amekuja kutoka Kashozi, naye ana mvi. Alikaanga, akatia pilipili na ndimu, akaleta katika kikapu kile kile. Akapiga magoti mbele yangu.

"Kula, Tata. Tangu tumzike Mawe hujala, husemi."

Nikachukua moja, nikaiweka shavuni.

"Tafuna basi."

"Subiri," nikamwambia.

Ikalainika yote. Ndipo nikaanza kumsimulia haya. Mengi aliyajua, aliyasikia siku ile. "Mawe hakuogopa mtu," akasema.

Nikamwambia ambalo hakuliona akiwa nyuma ya pazia. Mikono ya mama yake ilitetemeka, mpaka krispi zikawa zinalia ndani ya kikapu.