Mbeleko Kavu

Mwanangu, kuna siku moja ya soko pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, ambayo nikiikumbuka naona haya hadi leo. Nilikuwa msichana, nauza maharage, na sikumwamini mtu. Usicheke, hata sasa siamini ovyo. Mpakani walikuwapo wanawake waliofunga vitenge vya magendo mgongoni, wakavibembeleza kama mtoto mpaka wakavuka.

Basi akaja mama mmoja wa Butembo kule Kongo, akaketi karibu na meza yangu na mzigo wake mgongoni. Jua likapanda. Mzigo haukulia, haukunyonya, na mbeleko ilikuwa kavu tangu asubuhi. Mtoto gani huyo asiyekojoa? Nikamnong'oneza jirani yangu Mama Kabugho, muuza samaki wa Kahendero: "Ile si mutoto. Ni vitenge. Tuite afande."

Mama Kabugho aliacha samaki wake. Alikwenda akafunua mbeleko, na kumbe ni mtoto. Alilia kwa sauti ndogo, bila chozi hata moja. Hata hapo nikadhani mama yake amemfinya ili tumwonee huruma! Lakini macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka, utosi umebonyea. Mama Kabugho akavuta ngozi ya tumbo, akaiachia, ikabaki imekunjika kwa kuishiwa maji mwilini.

"Alihara siku mbili," mama yule akasema. "Leo hahari tena, nikasema iko bien, amepona. Nilimunyima mayi ya kunywa juu asihare."

Mama Kabugho akanigeukia mimi. "Masika, tangu asubui unaona mbeleko iko kavu. Wewe ndiyo uliona wa kwanza, mbele ya sisi wote. Na unafikiria afande!"

Tulipanda pikipiki hadi hospitali, mama akimnyonyesha, mimi nikimtilia maji kwa kijiko, naogopa kila alipofumba macho. Alipona.

Kwa hiyo endelea kushuku, mwanangu, ila mshuku mtoto aliyetulia mno, anayelia bila machozi, asiyelowesha nguo. Anayehara usimnyime maji. Mnyonyeshe, mpe ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari iliyokorogwa kwa maji safi, kidogo kidogo, huku unakimbia hospitali.

Wiki mbili baadaye yule mama alirudi sokoni, akanifunga mtoto mgongoni bila hata kuniuliza. Mtoto akanikojolea hadi kiunoni, na mimi nikalia kwa furaha mbele ya wateja. Mungu akupe watoto, mwanangu, na mgongo wako usikose kulowa.