Gauni Moja la Kanisa

Kanisa letu la Nakuru lilikuwa na gauni moja la harusi. Liliachwa na binti wa mmishenari aliyerudi kwao Ulaya, msichana mwembamba kama bua la mahindi, na tangu hapo kila bi harusi wetu aliolewa akiwa ndani yake. Lilikaa kwenye sanduku la bati, chini ya ulinzi wa mwenyekiti wa chama cha akina mama, mwanamke aliyeamini kwamba mkasi ni chombo cha shetani. Halikukatwa, halikuongezwa. Aliyeshindwa kulifunga aliolewa akiwa na nguo yake ya Jumapili. Kabla yangu mmoja alikuwa ameshindwa. Alikuwa na watoto wanne tayari, na bado aliitwa "yule wa nguo ya bluu."

Nilipolijaribu, katikati ya miaka ya hamsini, vifungo vya mgongoni vilikataa kukutana. Palibaki nafasi ya kiganja kizima. Mwenyekiti alitazama, akakunja gauni, akafunga sanduku.

"Mungu anaweza yote," alisema, "lakini kitambaa ni kitambaa."

Nililitaka gauni lile. Sitajifanya nilikuwa na sababu ya kiroho. Nilitaka kupita katikati ya kanisa nimevaa nyeupe, watu wageuke, na nisije nikaitwa kwa jina la nguo maisha yangu yote.

Tuliishi kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro, ambako baba alikamua ng'ombe. Nyumba ya mkamuaji haikosi maziwa, na mama alisifika kambi nzima ya wafanyakazi kwa maziwa lala, yale ya kugandishwa kibuyuni. Hapo ndipo nilipoanza kujipunguza: ugali nusu, chai bila sukari, kibuyu nakipita kama nisiyekiona. Mama hakuwa mtu wa kanisa, na habari za gauni sikumwambia; niliona haya. Yeye aliolewa akiwa amevaa ngozi na shanga, na siku zake bi harusi alisifiwa kwa mashavu. Alichoona ni binti anayekonda chini ya paa lake huku wakwe wakitarajiwa.

"Wewe mtoto, unataka watu waseme nini?" aliniuliza, akiniongezea ugali.

Ugali ule nilimpa mbwa. Mimi nikapungua, mbwa akanenepa. Nilipolijaribu gauni tena, nafasi ilikuwa ya vidole viwili.

Kisha wakwe wakaja. Shangazi wa bwana harusi alinitazama kutoka juu mpaka chini, akamgeukia mama mbele ya watu wote.

"Huyu msichana, huwa mnampatia chakula?"

Mama aliangalia chini, na mama yangu hakuwa mtu wa kuangalia chini. Nikavuta sinia. Nilikula nyama, nikala ugali, nikamaliza kibuyu na kuomba kingine. Nilikula kwa heshima ya mama mpaka shangazi akaridhika na kunisifu. Wageni walipoondoka niliendelea kula, na hapo heshima ya mama haikuwamo tena. Siku hiyo mbwa hakupata kitu.

Asubuhi nilijichukia. Niliapa kutotia chochote kinywani mpaka siku ya harusi, mpango ambao ungeigeuza harusi kuwa mazishi. Nilikwenda shambani kuchuma maua ya pareto na maji matupu tumboni, na jua lilipopata nguvu nilikuwa nimelala chali kati ya mistari, wenzangu wakinipepea. Walinirudisha nyumbani. Mama akanikalisha jikoni, nami nikamweleza yote: gauni, vifungo, nguo ya bluu, mbwa.

Alimgeukia mbwa aliyelala mlangoni. Nadhani kilichomuuma zaidi ni mbwa.

"Ng'ombe akiingia kwa mahindi," alisema mwishowe, "baba yako humchinja?"

"Hapana, mama."

"Humfanya nini?"

"Humrudisha malishoni."

"Na kesho yake humnyima nyasi?"

"Hapana."

"Basi."

Akaniwekea nusu ya ugali na mboga, kama nilivyokuwa nikila kabla ya wageni, akakaa kuniangalia mpaka nikamaliza. Tangu hapo alinipimia yeye mwenyewe. Hakuniongezea, wala hakuniruhusu kubakiza. Mbwa akarudia mwili wake wa zamani.

Siku ya harusi vifungo vilifungika vyote isipokuwa kimoja, cha kiunoni. Mwenyekiti akaanza kuitazama nguo yangu ya Jumapili. Mama, ambaye hakuwa amevuka mlango wa kanisa hata siku moja na alikuwa amepanga kutungoja nje, alikaza leso yake kiunoni, akaja nyuma yangu, akafunika mahali pale kwa kiganja.

"Twende," alisema.

Tulipita hivyo, baba kando yangu, mama nyuma, mkono wake una joto mgongoni pangu. Nilimpenda mno saa ile, nikalia, na watu wakadhani nalilia ndoa. Wazee wa kanisa walidhani ni desturi, wakaisifu. Bi harusi aliyefuata, ambaye gauni lilimpwaya, alisindikizwa na mama yake vivyo hivyo, kiganja mgongoni, na waliomfuata pia. Hakuna aliyeuliza sababu.

Kwenye karamu mama aliutoa mkono, akanyoosha vidole vilivyokufa ganzi, akanisogezea kibuyu.

"Kula," alisema. "Malisho yapo kesho."

Kesho yake nilikuwa kwa watu wengine, na sahani nilijipimia mwenyewe.